Ukuta wa Nyongo Umenenepa: Nikatwe?

SWALI: Shikamoo tabibu. Nauza mawese hapa Ujiji, nina miaka 46. Wiki ya pili sasa tumbo linanisumbua kulia, chini ya mbavu; linakuja na kuondoka. Nimepiga utrasaundi, karatasi inasema ukuta wa mfuko wa nyongo umenenepa, milimita 5, mawe hakuna. Shoga yangu anasema nyongo imeshaoza, nikatolewe. Mume wangu anasema ni mawese, niache kuyala. Nishike la nani?
Muuza mawese, Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu. Karatasi yako haikuandika jambo moja: asubuhi ile ulikunywa chai? Mfuko wa nyongo ni kama kiriba. Ukikaa kwa muda wa saa 6 hadi 8 bila kula, hujaa, ukuta ukatandazika, na kwa kawaida hauzidi milimita 3. Ukila, hasa chenye mafuta, mfuko unajikamua kumwagia nyongo kwenye utumbo. Ukuta unajikunja na kipimo kinausoma mnene. Nilipokuwa kazini alikuja mama wa Katonga na milimita 5 kama zako. Kumbe njiani alikula vitumbua viwili! Kesho yake, tumbo tupu, hazikufika 3.

Kama kweli hukula, bado unene huo ni dalili, si ugonjwa. Mfuko wenyewe ukivimba, mara nyingi ni jiwe limeziba mlango wake. Mgonjwa wa hivyo hahitaji kusomewa karatasi: maumivu hayaachii, yanapanda hadi bega la kulia, ana homa, anatapika, ukimbonyeza chini ya mbavu akivuta pumzi, inamkatikia. Wewe hukutaja hata moja.

Ukuta hunenepa pia kwa makosa ya wengine: homa ya ini, moyo kushindwa kusukuma damu, figo, protini kupungua mwilini. Na sisi wa Ziwa Tanganyika tuna kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo yake hukwama kwenye mishipa ya ini, yakaacha makovu, na ukuta wa nyongo nao ukanenepa. Umewahi kufua ziwani? Najua jibu. Basi waambie wapime choo. Ukipeleka mkojo peke yake kwenye darubini, mayai ya kichocho hicho kwa kawaida hawatayaona. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa uzito wa mwili.

Mumeo ana nusu ya ukweli. Mawese hayaneneshi ukuta, ila mafuta yoyote hukamua mfuko, na ukiwa mgonjwa utauma. Yapunguze sahanini, sokoni endelea nayo.

Shoga yako mwambie asubiri. Watu huishi vizuri bila mfuko huo, maana nyongo hutengenezwa na ini, lakini hakuna daktari wa upasuaji atakayekukata kwa milimita tu. Macho yakiwa ya manjano, ukipata homa ya kutetemeka, au maumivu yakikushika saa nzima nzima bila kuachia, usiningoje mimi, nenda hospitali usiku huohuo.

Vinginevyo rudia kipimo, hujala tangu jioni, kisha niandikie namba uliyopata. Na useme kweli kuhusu chai.