Ukigongwa, linda video kabla ya kitu kingine

Hatimaye kampuni ya bima ya dereva aliyenigonga imekubali kulipa matengenezo yote. Tangu niwape habari hiyo, wengi mmenitumia ujumbe mkiuliza mnunue kamera ya gari ya aina gani. Nawajibu wote hapa: aina ya kamera ina uzito mdogo kuliko mnavyofikiri. Haki yangu nimeipata kwa sababu niliitunza vizuri video ya ajali iliyorekodiwa na kamera yangu tangu dakika ya kwanza, na hapo ndipo wengi wanapopoteza kesi ambazo zilikuwa zao.

Nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu, nimeacha nafasi ya kutosha, mguu uko kwenye breki. Gari la mbele yangu lilikuwa limepitiliza mstari. Dereva akataka kurudi nyuma kidogo, akaingiza rivasi, akanijia moja kwa moja. Nilipiga honi, wapi! Bampa, grili na taa moja vyote vikavunjika.

Alishuka akaniomba radhi. "Samahani ndugu yangu, sikukuona kabisa." Kisha akapiga simu, na alipomaliza kuongea maneno yakageuka: eti mimi ndiye niliyemgonga kwa nyuma. Abiria wake naye akaanza kushika shingo. Watu waliokusanyika, ambao hawakuona lolote, wakanihukumu palepale kwamba wa nyuma siku zote ndiye mwenye makosa. Hata ofisa wa bima wa kwanza kuongea naye aliniambia hivyohivyo, wala hakuniuliza swali hata moja. Fedha imelipwa, lakini lile la kutoulizwa bado linaniuma.

Ni kweli kwamba dereva wa nyuma ndiye anayeanza kutiliwa shaka, kwa sababu anatakiwa kuacha nafasi ya kusimama kwa usalama. Lakini hiyo ni dhana tu, na ushahidi unaweza kuiondoa. Tatizo ni kwamba picha za simu zisingeniondolea: bampa yangu ya mbele imepondeka, ya kwake ya nyuma imepondeka, na hakuna picha ya hivyo inayosema nani alikuwa anatembea.

Video ilisema. Taa zake nyeupe za rivasi zinawaka. Kati yetu kuna kiraka cha lami mpya, na unakiona kinamezwa polepole na bampa yake, huku nguzo iliyo pembeni yangu haisogei hata kidogo. Chini ya picha, GPS inaandika kasi yangu: 0. Honi inasikika. Na kwa kuwa kioo changu kilikuwa wazi, ile samahani yake nayo imo, neno kwa neno.

Sasa sikilizeni vizuri. Kamera hizi hurekodi kwa vipande vifupi, mara nyingi vya dakika 1 hadi 5, na kadi ya kumbukumbu ikijaa zinafuta vya zamani na kuandika vipya. Kuna kihisi kinachofunga faili gari likipata mshtuko, lakini mgongano wa mwendo mdogo kama wangu unaweza usikiamshe. Ndiyo maana nilibonyeza mwenyewe kitufe cha kufunga faili, nikaizima kamera, halafu ndipo nikachomoa kadi. Ukichomoa huku inarekodi unaweza kuliharibu faili lenyewe.

Nakili kila kitu, pamoja na vipande vya kabla na baada ya ajali. Usikate, usiweke mishale, usiongeze maandishi. Video iliyokatwa inampa mpinzani swali la bure: umeficha nini? Na usiitume WhatsApp kama video ya kawaida, maana inabanwa na namba za gari zinaweza zisisomeke tena. Itume kama dokumenti, au peleka nakala kwenye flashi. Kadi yenyewe niliiweka kwenye bahasha, nikaweka nyingine kwenye kamera.

Angalia pia saa ya kamera. Tarehe isiyo sahihi inatosha kuanzisha ubishi. Kwa kuhesabu picha za video, mtaalamu anaweza hata kukokotoa mwendo: gari la kilomita 60 kwa saa linakwenda karibu mita 17 kwa sekunde, kwa hiyo kamera ya picha 30 kwa sekunde inalikuta limesogea zaidi ya nusu mita kila picha. Kwa macho matupu usiamini umbali, kwa sababu lenzi pana hufanya vitu vionekane mbali kuliko vilivyo.

Sheria hutofautiana, kwa hiyo jua za kwenu. Ujerumani, Mei 2018, mahakama ya juu ya shirikisho iliamua kwamba video kama hizi zinaweza kupokelewa katika kesi ya madai hata kama kurekodi mfululizo kumevunja sheria ya kulinda taarifa za watu. Kesi yenyewe ilihusu magari mawili yaliyogusana yakikata kona kushoto sambamba. Ila kupokelewa mahakamani hakukupi ruhusa ya kuirusha mitandaoni. Ndugu zangu, acheni hilo! Mnamwaibisha mtu, mnajitafutia kesi nyingine, na mnampa wakili wake la kusema.

Na kama video inakuonyesha wewe ndiye mkosaji, usiifute. Kufuta ushahidi ni kosa la pili juu ya la kwanza. Anayeweka kamera akubali kuangaliwa na yeye: endesha kwa adabu, washa indiketa, heshimu mstari.

Leo jioni toa kadi, fungua faili la jana, ujaribu kusoma namba ya gari lililokuwa mbele yako. Isiposomeka, safisha kioo na lenzi. Faili lisipokuwepo, huenda kadi imechoka. Nunua kadi zilizotengenezwa kwa kurekodi mfululizo.