Re: Salinomaisini 60MG/KG, gunia la chakula la kilo 70 naweka ngapi?

Aisee mkuu simama hapo hapo, usifungue hiyo pakiti ya salinomaisini, dawa ya kuchanganya kwenye chakula cha kuku kuzuia koksidia (vijidudu vya kuhara damu). Umeandika "60 mara 70 ni 4200, nagawa kwa 10 napata gramu 420". Hiyo 420 naijua vizuri, ndo iliyonimalizia broila.

Mimi hiyo kumi nilipewa na jamaa wa duka la dawa za mifugo, kavaa koti jeupe kabisa, anabonyeza kalkuleta kwa madaha, "gawa kwa kumi bosi, vipimo vyote vinaenda kumi kumi". Kumi kumi! Kakariri ile ngazi ya shule ya msingi, kilogramu, hektogramu, dekagramu, gramu, desigramu, sentigramu, miligramu, na ni kweli kila ngazi ni kumi ila kutoka gramu mpaka mili unashuka ngazi TATU, so ni 1000. Hizo desi na senti nani kawahi kuziona dukani? Akaziruka na sifuri zake mbili, na hela yangu akapokea.

Kuku kwanza wakasusa chakula, nikalaumu pumba. Halafu miguu ikaisha nguvu, wamelala kifudifudi shingo wamenyoosha, wengine wanajikokota kwa mabawa kufuata maji, mimi nikajua ni ugonjwa wa kideri nikakimbia kununua chanjo, hela nyingine hiyo, chekeni tu. Kumbe hii dawa ikizidi inashambulia misuli. Koksidia nayo ilikufa lakini, tuwe wakweli.

Sasa angalia. 4200 mg ni gramu 4.2, na hiyo ni dawa yenyewe. Pakiti yangu ilikuwa ya asilimia 12, iliyobaki ni unga wa kubebea dawa tu, so 4.2 gawa kwa 0.12 unapata gramu 35 kwa gunia. Thelathini na tano! Nilizidisha mara 12.

Kwa hiyo mg igeuze iwe g kwenye karatasi KABLA hujagusa kalkuleta, na kila namba iandikie kipimo chake pembeni, namba isiyo na kipimo usiiamini hata akikupa daktari. Na acha kuandika MG, M kubwa ni mega, Mg moja ni tani nzima, utalisha wilaya.

Leo usichanganye kitu. Piga picha lebo, asilimia ionekane, tupia hapa tuihesabu wote. Na kama una bata mzinga au punda, hicho chakula wasikiguse kabisa, hao hata dozi sahihi ya kuku inawaua.