Maonyesho katika nyumba ya mpiga picha wa zamani: anza na madirisha

Nyumba ya mpiga picha haikujengwa iwe ukumbi wa maonyesho. Chukua Clear Comfort, Staten Island, New York, alikoishi mpiga picha Alice Austen (1866–1952). Madirisha yake yanatazama maji ya mlango wa bandari. Mandhari hiyo huwavuta wageni, na mwanga wake ndio unaoua picha. Kabla hujachagua hata picha moja, pita na kipima mwanga saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri, ukikiweka pale pale picha itakapotundikwa. Picha za karne ya 19 zilizochapwa kwenye karatasi ya ute wa yai hazitakiwi kupata mwanga unaozidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga). Karibu na dirisha la jua utasoma maelfu. Karatasi ya kuchuja miale ya urujuanimno inasaidia, ila haitoshi, maana hata mwanga wa kawaida hufifisha.

Kwa hiyo picha asilia ibaki kabatini, nakala ndiyo itundikwe. Negativu ya kioo ya inchi 4 kwa 5 ikiskaniwa kwa nukta 2,400 kwa inchi inatosha kuchapa inchi 32 kwa 40 ikiwa safi kabisa. Kioo kishikwe kwenye kingo tu, upande wenye dawa (ule usiong'aa) usiguswe. Kihifadhiwe kikiwa kimesimama; ukivilaza kimoja juu ya kingine, vya juu huvivunja vya chini.

Kuta za nje za nyumba kuukuu hutoa unyevu. Bandika vipande vya kizibo kwenye pembe za chini za fremu ili hewa ipite nyuma, na ndani weka kadi nene kati ya picha na kioo, la sivyo vitagandana. Usipige misumari ovyo: tundika kwa waya kutoka kwenye reli iliyo karibu na dari. Kitovu cha picha kikae kama sentimita 145 kutoka sakafuni.

Kwenye maelezo ndipo wengi hulala. Austen alikuwa akiandika juu ya bahasha za negativu tarehe, saa, lenzi na hali ya mwanga. Ile picha yake maarufu akiwa na rafiki yake Trude Eccleston, wote wamevaa vinyago na sketi fupi, ilipigwa tarehe 6 Agosti 1891, saa tano usiku. Weka hayo kwenye kibandiko. Yanasema mengi kuliko sifa zetu za "mpiga picha mahiri". Na andika waziwazi kwamba Gertrude Tate alikuwa mwenzi wake wa maisha. Ukimwita "rafiki" tu, nusu ya picha zinakosa maana.

Siku ya majirani kuleta picha zao ziskaniwe ndiyo shughuli yenye faida kuliko zote, na ndiyo inayovurugika upesi. Hesabu dakika 15 kwa mtu mwenye picha tano: skana moja kwa saa nne ni watu 16, basi. Gawa namba mlangoni. Fomu ya ridhaa itenganishe mambo matatu: kuhifadhi, kuonyesha hadharani, na kuweka mtandaoni. Skani kwa nukta 600. Picha iliyonata kwenye albamu ya gundi usiibandue. Skani ukurasa mzima. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, kamwe si kwa kalamu ya wino. Mwenye picha aondoke nayo siku hiyo hiyo. Nakala zake mtumie ndani ya wiki, vinginevyo mwaka ujao hutamwona.

Watoto wape kazi bustanini: chapa za bluu za jua. Changanya kwa kiasi sawa mimumunyo ya kemikali mbili: wa feri amonia sitrati (gramu 25 kwa mililita 100 za maji) na wa potasiamu ferisianidi (gramu 10 kwa 100). Mtu mzima avae glavu na kupaka karatasi usiku uliotangulia, zikaukie gizani. Karatasi mbichi hutoa mabaka. Panga majani juu, weka kioo, anika dakika 10 hadi 20, kisha suuza mpaka umanjano uishe. Kukiwa na mawingu ongeza muda maradufu. Bluu ikitoka hafifu, jua halikutosha. Chai na vitafunwa navyo viishie huko huko nje.