Fulana sitini za mama mmoja

Juzi usiku dada mmoja wa Kahama aliniandikia. Ana steshenari ndogo kama ya kwangu, ameanza mwaka huu, na amepata kazi ya kuandika kibao cha bweni la wasichana. Swali lake lilikuwa moja: "Kaka, kwenye Girls Hostel ile koma ya juu inakaa wapi, kabla ya s au baada?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Koma hiyo iliwahi kunila zaidi ya laki tano. Nikamjibu kwa kifupi na kumwahidi kwamba nitaandika kwa urefu, maana najua si yeye peke yake anayejiuliza.

Koma ya juu tuliisoma shuleni kwa jina la ritifaa. Ndiyo ileile ya ng'ombe na ng'ambo. Kwetu haisumbui kwa sababu inasikika. Kung'oa mti na kulia ngoa ni mambo mawili mbali kabisa, na mtoto wa darasa la pili anazitofautisha kwa sikio. Ya Kiingereza ni bubu. Tamka students (wanafunzi tu, hakuna wanachomiliki), tamka student's (ya mwanafunzi mmoja), tamka students' (ya wanafunzi wengi), zote tatu zinatoka mdomoni sauti moja. Jicho ndilo linaloona tofauti, na jicho la fundi mwenye haraka huwa limelala.

Langu lililala mwaka wangu wa pili hapa Dodoma. Walikuja akina mama wa kanisa moja na oda ya fulana 60 za bluu, kifuani yaandikwe maneno Mothers' Union. Mwenyekiti wao aliniandikia kwenye karatasi kwa mwandiko wa kuvutia, kila alama mahali pake. Karatasi hiyo ninayo hadi leo. Ila siku ile sikuitazama mara ya pili, kwa sababu kwenye kompyuta nilikuwa na muundo wangu wa mwezi Mei, wa Mother's Day, herufi za mkono zenye ua ndani ya o. Nikaunakili, nikafuta Day, nikaweka Union. Dakika tano. Nikajiona mjanja kuliko wote mtaani.

Siku ya kukabidhi walikuja kama kumi. Mwenyekiti, ambaye kumbe ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, akafungua fulana ya kwanza, akavaa miwani.

"Mwanangu, huu ni umoja wa mama yupi?"

"Wenu, mama."

"Hapa umeandika umoja wa mama mmoja. Sisi tuko sitini."

Wenzake wakaangua kicheko. Hawakuwa na ubaya, lakini dukani walikuwepo wateja wengine, na kijana niliyekuwa namfundisha kazi. Nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Nikasema, "Mama, si ni koma tu?" Akakunja fulana taratibu, akairudisha mezani. Zote 60 zikabaki. Kwa bei ya shilingi 9,000 kila moja, piga hesabu mwenyewe. Nilikopa kwenye VICOBA, nikanunua fulana nyingine na kuchapa upya. Marejesho nililipa hadi mwaka ukaisha.

Baadaye ndipo nilipojua jinsi nilivyojichongea. Anna Jarvis, Mmarekani aliyepigania Mother's Day hadi Rais Woodrow Wilson akaitangaza mwaka 1914, alitaka kwa makusudi ritifaa ikae kabla ya s. Kwake ilikuwa siku ya kila mtu kumkumbuka mama yake mmoja aliyemzaa. Mothers' Union, iliyoanzishwa na Mary Sumner kule Uingereza mwaka 1876, ni jumuiya ya akina mama wengi, ndiyo maana ritifaa yake inakuja baada ya s. Maneno yote mawili yako sahihi. Mimi ndiye niliyemvisha mmoja nguo ya mwenzake.

Dawa niliyoipata ni kugeuza neno kuwa Kiswahili kwanza, kabla sijagusa kibodi. Kiswahili hakifichi wingi, kinauweka mlangoni. Chumba cha mwalimu, chumba cha walimu. Ukisikia wa-, jua ritifaa inakwenda baada ya s: teachers' room. Siku ya walimu duniani, tarehe 5 Oktoba, ni World Teachers' Day. Bweni la wasichana ni Girls' Hostel. Dada wa Kahama, lako limeisha hapo.

Dawa hii ina sehemu mbili inazochacha. Kwanza, Kiingereza kina wingi usioishia na s. Watoto ni children, wanawake ni women, wanaume ni men. Hapo andika kwanza neno la wingi likamilike, ndipo uongeze ritifaa na s: children's ward, Women's Day. Childrens' nimeiona kwenye kuta nyingi sana, na kila nikiiona nasikia kile kicheko. Pili, maneno yetu kama wiki, siku na saa hayabadiliki kwenye wingi, kwa hiyo wa- hutaisikia. Angalia namba. Notisi ya wiki moja ni one week's notice, ya wiki mbili ni two weeks' notice. Wanaokuja kuchapa CV, uzoefu wa miaka mitano ni five years' experience. Hii nimewasahihishia wengi bila kuwatoza hata senti.

Kuna fundi simu jirani yangu alinibana siku moja: mbona Champions League haina? Ni kweli, haina. Majina mengine wenyewe wameamua neno la wingi liwe maelezo tu, si mmiliki. Kenya, tume inayoajiri walimu inajiandika Teachers Service Commission bila ritifaa. Halafu kwenye mpira huohuo kuna tuzo ya Players' Player of the Year, aliyoichukua Salah mwaka 2018, nayo inayo, kwa kuwa wachezaji wenyewe ndio wanaopiga kura. Uwanja wa Newcastle ni St James' Park, ilhali bustani ya London ni St James's Park. Usigombane nao. Jina la watu liandike wanavyoliandika wenyewe, na karatasi ya mteja isome mara ya pili.

Ndugu zangu wa steshenari, naomba tuache neno "koma tu". Nasikia mafundi wakisema mteja mwenyewe hajui Kiingereza. Hajui, sawa, lakini atavaa ile nguo mbele ya anayejua, na aibu itakuwa yake kabla haijawa yako. Tunapenda kununua mashine mpya na kuzipiga picha tukazirusha, halafu tunaona uvivu kugeuza maneno mawili kuwa Kiswahili. Geuza kwanza. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Akina mama wale walirudi mwaka huu, fulana 140. Safari hii nilichapa moja tu, nikaipeleka mwenyewe nyumbani kwa mwenyekiti. Akavaa miwani, akaitazama mbele na nyuma, akasema, "Sawa." Nilitembea kwa miguu hadi dukani kwa furaha, bodaboda nikazipita. Zile 60 za zamani nyingi zimeishia kuwa vitambaa vya kufutia wino. Chache alizichukua mama yangu, anazilimia, na anasema kwake zimeandikwa vizuri kabisa.

Leo asubuhi dada wa Kahama amenitumia picha ya kibao. Girls' Hostel, safi, ritifaa imesimama mahali pake. Chini yake, kwa herufi nyekundu, ameongeza: Visitor's Are Not Allowed. Nimempigia simu hapohapo. Anasema bahati nzuri rangi bado mbichi.