Nyuzi 32 za Dodoma na 32 za Dar, mbona za huku zinanitesa?

SWALI: Shikamoo anti. Mie kijana wa Dodoma, nimehamia Dar kikazi juzijuzi tu, nimepanga chumba Tandika. Simu inasema nyuzi 32, na nyumbani mwezi wa 11 zinafika hizohizo lakini kule nilikuwa napiga kazi fresh. Huku natoka kuoga, sijafunga hata vifungo vya shati nishalowa, na usiku silali. Jirani kaniambia niweke ndoo ya maji mbele ya feni, naona ndo kama joto limezidi. Naumwa au?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Huumwi, na hiyo ndoo itoe leo.

Iko hivi, jasho kutoka tu halikupoozi, kinachokupooza ni jasho kukauka, maana likigeuka mvuke linaondoka na joto la ngozi. Dodoma iko juu, mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa yake kavu, kwahiyo jasho linakauka hata hujaliona, unakuja kukuta chumvi nyeupe tu kwenye kola. Dar bahari hii hapa, na kuanzia Desemba mpaka Machi kaskazi inavuma kutokea hukohuko baharini, hewa imeshiba maji, sasa jasho lako likaukie wapi? Linabaki linatiririka mgongoni. Kwa hesabu za wataalamu, nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70 mwili unasikia kama 41, tena hapo uko kivulini, ila unyevu ukiwa asilimia 30 unasikia hiyohiyo 32 basi. Kwenye simu usiishie kwenye nyuzi, soma na asilimia ya unyevu.

Kwani mtungi wa maji si unaujua? Maji yanavuja kidogokidogo kwenye udongo, yanakauka kwa nje, ya ndani yanapoa. Ulete Dar mtungi huohuo, utashinda umelowa nje na maji yasipoe kivile. Ndoo yako ndo hivyohivyo, Dodoma ingesaidia, ila chumba cha Dar ushakijaa mvuke unakiongezea mwingine.

Feni endelea nayo, inasukuma ile hewa nzito iliyoganda kwenye ngozi, ila fungua madirisha ya pande mbili kama yapo ipite, nguo vaa za pamba za kupwaya, zile za nailoni achana nazo kabisa. Usiku ndo pagumu, kwenu giza likiingia kunapoa, huku saa 8 usiku bado 25 au 26, so oga maji ya kawaida kabla ya kulala na usijifute sana. Mwili utazoea, wiki moja mbili hivi.

Maji kunywa hata kama hujasikia kiu, na ukirudi Dodoma usijisahau ukasema huku sitoki jasho, unatoka sana tu. Na popote pale, mtu akiwa juani halafu mwili unachemka na anaanza kuongea visivyoeleweka, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, na hospitali hapohapo, msisubiri jioni.