Nimeingiza wanafunzi 40, wametoka 31

SWALI: Mambo vipi, mimi najifunza Java, mwezi wa tatu huu. Nina klasi ya Mwanafunzi, ina jina na alama, nikataka wajipange kuanzia mwenye alama nyingi, nikawatia kwenye TreeSet (mkusanyiko unaojipanga wenyewe) yenye komparata (kanuni ya kulinganisha wawili, nani atangulie) ya (a, b) -> b.alama - a.alama. Wamejipanga freshi kabisa ila niliingiza 40, nikihesabu nakuta 31! Erori hakuna. Wengine wameenda wapi? Halafu mbona namba zenyewe zinajipanga bila komparata?

JIBU: Hawajaenda popote, hawakuingia kabisa. TreeSet haina habari na equals (njia ya Java ya kuuliza kama vitu viwili ni sawa) wala majina ya watu, yenyewe inaisikiliza komparata yako tu, na komparata ikirudisha sifuri inajua huyu ninaye tayari, inamwacha mlangoni kimyakimya. Yaani Asha kaingia na 72, kaja Juma naye ana 72, ukitoa alama kwa alama unapata sifuri, Juma nje. Hapo add, ile amri ya kuingiza, ilirudisha false (yaani hapana), sema nani huwa anaangalia add imerudisha nini, hata mimi siangalii.

Cha kufanya, wape kigezo cha pili, alama zikilingana waangaliwe jina:

Comparator.comparingInt(Mwanafunzi::getAlama).reversed().thenComparing(Mwanafunzi::getJina)

Angalia reversed imekaa wapi, ukiipeleka mwisho inageuza kila kitu na majina yataanzia Z. Na kama kuna majina pacha malizia na namba ya usajili maana hiyo haijirudii. Ila kama shida yako ni kupanga tu mi naona TreeSet ya nini, weka ArrayList (orodha ya kawaida) halafu ita sort, pale sifuri haimfukuzi mtu, waliolingana wanabaki vilevile walivyotangulia kuingia.

Na hiyo ya kutoa b kwa a iache. Kwa alama za 0 mpaka 100 haina neno, lakini int (aina ya namba kamili ya Java) inaishia 2147483647, siku ukipanga namba kubwa zenye hasi ndani yake jibu linafurika, mkubwa anageuka mdogo na hutajua kosa liko wapi. Tumia Integer.compare.

Umeuliza pia mbona namba zinajipanga bila komparata. Integer (namba kamili) na String (maandishi) zimezaliwa na compareTo yao, yaani njia ya kujilinganisha, ndo mpangilio wa asili huo, klasi yako haina mpaka uiandikie Comparable. Ila na huo wa asili usiuamini sana, kwenye String "10" inatangulia "9" na Z kubwa inatangulia a ndogo.