Swali la Lugha: "Ana mkojo tumboni"

SWALI: Natafsiri kipeperushi cha wodi ya watoto wachanga. Nimeandika: "Mtoto ana mkojo tumboni kwa sababu mrija umeziba." Mwenzangu anacheka, eti hata yeye ana mkojo tumboni. Tena anataka "umezibwa". Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwenye tumbo, mwenzako. Neno hili kwetu limebebeshwa mengi: ugali uko tumboni, mimba iko tumboni, na kibofu nacho hakikai penginepo. Mama akiisoma sentensi yako hajui kilichoharibika ni nini. Kinachokosekana ni kitenzi, wala "unavuja" pekee hakitoshi, maana atadhani mtoto analowanisha nepi tu. Tumia kauli ya kutendea: mkojo unavujia ndani ya tumbo. Ile -i- ndiyo inayoonyesha unakoishia.

Mrija nao si mmoja. Miwili hushusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni, mmoja huutoa nje. Madaktari wana ureta na urethra zao. Mama mwandikie "mrija wa kutolea mkojo", kwa sababu kwa wachanga wa kiume chanzo kinachojulikana sana ni vijitando walivyozaliwa navyo ndani ya mrija huo. Mkojo hukosa njia na kurudi nyuma, kibofu na figo hutanuka kwa shinikizo, hadi mkojo upenye, mara nyingi kwenye figo, na kuingia tumboni.

Sasa ziba na zibwa. Kisarufi, kuziba hutaka kinachozibwa: ziba tundu, ziba pengo. Lakini nani akiwa na mafua husema "pua yangu imezibika"? Pua imeziba, bomba limeziba. Mimi simkati mtu alama kwa hilo. Ukishataja kilichoziba ndipo "umezibwa na" hupata kazi, ingawa ni afadhali kukitanguliza chenyewe.

Na tafadhali usikimbilie "maji ya tumboni" kwa kuona haya kutaja mkojo. Maji yanaweza kujaa tumboni kwa ugonjwa wa ini au wa moyo. Ndiyo maana daktari huyavuta kidogo na kuyapima: kreatinini, taka ya mwili inayotolewa na figo kwa mkojo, ikiwa juu sana kuliko ya kwenye damu, huo ni mkojo.

Ningeandika: "Mtoto wako amezaliwa na kijitando kilichoziba mrija wa kutolea mkojo. Mkojo umekosa njia, umerudi nyuma, na sasa unavujia ndani ya tumbo."